Inajijibu Yenyewe

Mtaani walimwita Injinia tangu alipoingia chuo cha kompyuta, na jina likamkaa hata muuza mkaa akawa analitumia bila mzaha. Siku ya majaribio ya kazi Injinia alivaa sketi ya kuazima kwa shangazi yake, imekazwa kiunoni kwa pini, akaenda kwenye ghala la vipuri vya magari ambako walikuwa wanatafuta mtu wa kuangalia kompyuta zao.

Fundi mkuu wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimkalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa kwenye kona, makarani wakiwa wamezunguka na vikombe vyao vya chai, wamepata cha kutazama.

"Hii tangu asubuhi imekataa kutuma kitu kwenye printa," fundi mkuu alisema. "Printa yenyewe ni nzima, wengine wote wanaitumia. Hebu niangalizie mtandao wake una nini."

Injinia nusura acheke kwa furaha. Swali hili alilijua hata usingizini. Akafungua kile kidirisha cheusi, akaandika amri ya pingi, ile ya kuita mashine na kungoja iitike, akafuatisha tarakimu ambazo chuoni waliziimba kama watoto wa chekechea: 127.0.0.1. Akabonyeza. Majibu yakashuka, moja chini ya jingine, yote yamerudi salama.

"Imejibu," akasema, akageuka. "Mtandao uko sawa kabisa, mama. Kama printa ni nzima basi labda karatasi zimekwama."

Karani mmoja akajificha uso kwa kikombe. Fundi mkuu aliinama kwa shida, mkono gotini, akainuka ameshika waya uliokuwa umelala chini ya meza, ncha yake imeshika vumbi.

"Waya wa mtandao huu hapa, mwanangu. Nimeuchomoa mwenyewe kabla hujaingia."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. "Kajipigia hodi, kajikaribisha, kajiuliza hali, kajijibu nyumbani hawajambo!" alisema mwenye kikombe, na chai ikamtoka puani. Injinia alihisi pini ya sketi inamchoma lakini hakuthubutu kuigusa.

Fundi mkuu alimtoa nje hadi penye ngazi, mbali na vicheko.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Chuoni."

"Sikia. Anwani ile ni ya mashine yenyewe. Ukiita pale, haitoki nje hata hatua moja, inajijibu yenyewe. Inakuonyesha tu kwamba programu ya mtandao ndani ya mashine haijaharibika. Si kosa kuanza nayo, na mimi huanza nayo. Lakini baada ya hapo unaita mashine ya jirani, unaita kifaa kinachoziunganisha mashine zote, kisha unaita nje. Hayo mengine hamkufanya?"

"Tulifanya hiyo tu."

"Muda wote?"

"Hiyo tu, mama."

Yule mama alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha. Alifungua mdomo aseme kitu, kisha akasema kingine. "Nenda nyumbani. Kazi nitampa mwingine, usinichukie."

*

Baba yake alikuwa seremala, na alimngoja mlangoni akiwa na shati safi. Alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani. Mke wa muuza mkaa alikuwa amesimama pale pale na beseni kiunoni, akijifanya anatafuta mahali pa kumwaga maji.

"Wamekupa meza yako au bado?" baba aliuliza kwa sauti ya kutosheleza watu wote.

"Tuingie ndani, baba."

Ndani alimweleza. Mama yake, ambaye alifua nguo za watu, alikuwa anakunja mashuka ya wateja kitandani, akaacha mikono juu ya shuka. Baba alisikiliza hadi mwisho, akataka arudiwe ile sehemu ya waya, akarudiwa.

"Ulikuwa unasinzia darasani," akasema.

"Sikusinzia."

"Basi uliruka somo. Haiwezekani chuo chenye geti na mlinzi kifundishe mtu kujisalimia. Una cheti! Cheti kina muhuri!"

"Baba, wakaguzi walipokuja tuliambiwa wote tubonyeze kwa pamoja. Vioo vyote vikajaa majibu. Wakapiga makofi, wakala kuku, wakaondoka. Nilidhani ndivyo mtandao ulivyo. Ningejuaje? Sijawahi kuuona mwingine."

Baba alikaa kwenye kochi. Ili alipe ada, aliiuza mashine yake ya randa kwa mwenzake wa karakana ya pili, na tangu hapo, akiwa na ubao wa kulainisha, alikuwa akienda kupanga foleni kwa yule mwenzake, akangoja hadi wenyewe wamalize, akatumia mashine ile ile aliyoijua kila skrubu yake huku akiambiwa, "Taratibu, mzee, usije ukatuharibia." Injinia aliwahi kumkuta pale, amesimama na ubao begani kama mwanagenzi. Walitazamana, wakakubaliana bila kusema kwamba hawakuonana.

"Kesho twende," baba alisema. "Nikamuulize huyo Mkuu wa chuo ametufanya sisi nani. Nitamtoa kwenye kile kiti kwa ukosi."

Mama aliendelea kukunja. "Ukimtoa, usisahau kurudi na hela," akasema.

*

Chuoni walikalishwa kungoja, na kungoja kwao kukawa kurefu hata Injinia akanyanyuka, akaingia kwenye chumba cha kompyuta. Kilikuwa kitupu, kinanuka jasho la viatu vya watu. Nyaya za buluu zilitoka nyuma ya kila mashine, zikapanda ukutani zimebanwa vizuri kwa vibanio, zikaingia kwenye bomba jeupe lililopotelea juu ya dari. Zilipendeza. Wageni walipigwa picha mbele ya nyaya hizo.

Alipanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari. Vumbi na vinyesi vya popo vikamwagikia usoni. Alipofumbua macho aliona bomba linaishia pale pale, na nyaya zote zimechungulia nje kama matumbo ya kuku, zimekatwa, zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi. Hazikwenda popote. Panya alikuwa ametengeneza kitanda chake juu ya ncha hizo kwa vipande vya karatasi na unyoya, na ndani ya kitanda kulikuwa na watoto wekundu wasio na manyoya, wanajinyonganyonga.

Alishuka, akatema mate kwenye leso. Ladha ya kinyesi ilibaki kwenye ulimi.

"Mnaitwa! Mkuu anawaita!" mlinzi alipaza sauti.

Mkuu wa chuo alikuwa anakula mayai ya kuchemsha. Alikuwa nayo kwenye sahani, anayamenya kwa kucha ndefu ya kidole kidogo, na aliongea kiini kikiwa mdomoni, kikavu, kikimrukia kwenye tai. Aliponyoosha mkono kusalimia, ulikuwa na ganda la yai na chumvi. Baba, aliyekuja kumtoa mtu kitini kwa ukosi, kwanza aliufuta mkono wake mwenyewe kwenye suruali, kisha ndipo akaupokea ule wa Mkuu kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. Mkuu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Marahaba, mzee. Karibuni, karibuni. Leteni soda!"

"Mheshimiwa, tumekuja na jambo dogo."

Injinia alimtazama baba yake. Jambo dogo.

"Nyaya zimekatwa juu ya dari," akasema yeye. "Hazijaungwa na kitu. Nimeziona sasa hivi."

Mkuu hakushtuka wala hakuacha kutafuna. "Ah, umepanda juu? Safi. Nani mwingine katika darasa lenu aliwahi kupanda? Hakuna. Kifaa cha kuunganishia kiko njiani, binti yangu. Kiko njiani, mambo ya bandari unayajua. Lakini nikuulize wewe, mtihani ulifeli?"

"Hapana, ila..."

"Hukufeli! Una cheti?"

"Ninacho."

"Sasa nimekuibia nini?" Akachukua kadi yake ya biashara, akajichokoa jino kwa kona yake, akaitazama kona, akairudisha kwenye kikasha cha kadi pamoja na nyingine. "Mzee, binti yako ana macho. Mimi watu wenye macho siwaachi mitaani. Mwalimu wa chumba cha kompyuta ameniacha wiki hii. Aanze Jumatatu. Mshahara tutaelewana. Na wewe, nasikia ni seremala? Mimi nataka meza. Wanafunzi wanaongezeka, wanakaa wawili wawili kama njiwa."

Baba alikuwa na soda mkononi, bado hajaifungua. Injinia aliuona uso wa baba yake ukilegea kidogo kidogo, kuanzia mdomoni, mpaka ukawa tabasamu ambalo hakuwahi kuliona nyumbani, tabasamu la kupokelea vitu.

"Tunashukuru sana, mheshimiwa," baba alisema. "Kwa kweli hatukutegemea."

"Mwalimu wa nini?" Injinia aliuliza. "Nitafundisha nini?"

"Ulichofundishwa," Mkuu alisema, akachukua yai jingine.

*

Njiani baba alienda mbele, hatua ndefu, akizungumzia mbao. Nyumbani Injinia alimwaga kila kitu mbele ya mama yake: dari, panya, yai, ule mkono uliofutwa kwenye suruali.

"Usimtaje baba yako hivyo," mama alisema.

"Aliufuta, mama! Alikuja kugombana, akaufuta mkono!"

"Nimekwambia usimtaje." Mama alikuwa anachambua nguo za kufua, anatoa soksi za mtu kwenye mifuko ya suruali za mtu mwingine. Alinusa shati moja, akalitupa kwenye rundo la kuloweka. "Unadhani mimi nikienda kuchukua nguo kwa wale matajiri wangu nasimama vipi? Wananipa chupi za watoto wao wakubwa na uchafu wake, nasema asante. Nenda ukafundishe. Ukipata pengine utaondoka."

"Nikawafundishe uongo?"

"Wewe ulifundishwa na nani? Malaika?"

Baba aliingia na tepu ya kupimia, akaanza kupima meza yao ya chakula, urefu na kimo, akinakili kwa penseli kwenye kiganja. Aliimba chinichini. Muda mrefu alikuwa hajaimba, na Injinia, aliyekuwa amekusanya maneno ya kumwambia, aliyameza yote.

Jumatatu akaenda.

*

Darasa jipya lilijaa. Walikaa wawili wawili, wamevaa nguo zao za kanisani na msikitini, na daftari mpya zilizonuka duka. Mbele kabisa alikaa mwanamke mtu mzima kuliko wengine, mshonaji nguo, utepe wake wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Alipotambulishwa alisema cherehani ameacha kwa mdogo wake, na kwamba akirudi lazima arudi na kitu cha kuonyesha.

Siku ile ile Mkuu alikuwa amealika wazazi waje waone pesa zao zinafanya nini. Walisimama ukutani chini ya zile nyaya, kofia mikononi.

"Mwalimu, waonyeshe," Mkuu alisema. Alikuwa amejipaka manukato makali mno, na nyuma ya manukato kulikuwa na yai.

Injinia aliandika zile tarakimu ubaoni. Mkono ulimtii vizuri kupita alivyotaka. Akawaambia waziandike, wabonyeze. Vioo vikajaa.

"Imefanya nini?" Mkuu aliuliza, akatega sikio kwa mkono.

"Imejibu!" darasa likaitikia.

"Sijasikia!"

"Imejibuuu!"

Wazazi wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta macho. Bibi mmoja alimsogelea Injinia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akauinamia. "Mungu akubariki, mwalimu, wewe ni kama mwanangu," alisema, na viganja vyake vilikuwa na magamba ya kazi, vigumu kama magome ya mti.

Mshonaji aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Anayejibu ni nani?"

"Mtandao," Mkuu alisema haraka.

"Ndiyo, lakini nani? Nimeita, mtu kaitika. Yuko wapi huyo mtu?"

Kila mtu alimtazama Injinia. Angeweza kusema neno lolote la kitaalamu, wangelinakili. Badala yake alikwenda nyuma ya mashine ya mshonaji, akachomoa waya. Akaenda ya pili, akachomoa. Akapita safu nzima akivuta nyaya kwa mikono miwili, vibanio vikifyatuka ukutani, hadi bomba likang'oka na ubao wa dari, na zile ncha zilizofungwa kwa utepe zikaanguka sakafuni pamoja na kile kitanda cha panya, karatasi na unyoya na vitoto vyekundu. Wanafunzi wa mbele waliruka juu ya viti.

"Bonyezeni tena," alisema.

Hakuna aliyesogea, ila mshonaji. Alibonyeza. Kioo kikajaa kama mwanzo.

"Imejibu," mshonaji alisema polepole.

"Inajijibu yenyewe. Inaita, halafu inajijibu. Hapa hakuna mtandao, haujawahi kuwepo. Nimesoma hapa hadi mwisho, nimekwenda kutafuta kazi, nimechekwa na makarani. Msilipe zaidi. Daini mlichokwisha kulipa."

Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na kwa kitambo Injinia alidhani chumba kitamwangukia Mkuu. Wazazi walimzunguka, vidole vikanyooshwa, mtu akamshika tai. Mkuu aliinua viganja vyake juu, ametulia, kama anayengoja mvua ipite. Kisha baba mmoja mwenye koti la mlinzi, aliyekuwa na sauti kuliko wote, akawanyamazisha.

"Ngojeni, jamani, ngojeni! Haya ya nyaya ni ya mafundi, sisi hatuyajui. Mheshimiwa, sisi tuna swali moja. Vyeti vitatoka?"

"Vitatoka," Mkuu alisema.

"Vyenye muhuri?"

"Vyenye muhuri. Kama vya miaka yote."

Yule baba wa koti la mlinzi aliwageukia wenzake, akashusha mabega. Mikono iliyonyooshwa ikarudi chini. Tai ikaachiwa, na aliyeishika akainyoosha kidogo kwa kiganja. Yule bibi wa magamba alikuwa bado anamtazama Injinia, lakini sasa alikuwa anaifuta mikono yake kwenye khanga, mmoja baada ya mwingine, kama aliyeshika kitu asichokijua.

"Anataka kuwaharibia wenzake kwa kuwa yeye amekosa kazi," mtu alisema kutoka nyuma, na wengi wakaguna kukubali. Mtu mwingine alileta ufagio.

*

Nje, kwenye uwanja wa chuo, baba yake alikuwa amefika na mkokoteni umejaa meza. Mbao alikopa, na meza zilikuwa nzuri, kona zimezungushwa ili zisimchane mtu nguo. Alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Jasho lilimtoka kidevuni.

"Ulisikia?" Injinia aliuliza.

"Nimesikia."

"Na lile swali la mwisho?"

Baba aliifungua kamba, akashika meza ya kwanza upande mmoja, akajaribu kuinua peke yake, mgongo ukakataa. Aliirudisha. Alisimama akiwa ameishika, kichwa chini.

"Lile ningeliuliza mimi," alisema. "Siku ile mnahitimu, ungesimama ukasema haya, mimi ndiye ningeuliza vile vile. Ningekuzaba na kofi juu yake."

Kutoka ndani sauti zilianza tena, Mkuu akiuliza, darasa likiitikia, mara ya kwanza kwa uvivu, mara ya pili kwa nguvu.

"Tuzirudishe," Injinia alisema.

"Mbao ni za watu. Nikizirudisha nyumbani tutazila?" Alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho mekundu. "Shika upande huo."

Akashika. Wakazipeleka zote, moja moja, wakipita katikati ya wazazi waliokuwa wanawapisha bila kuwatazama usoni. Mkuu aliwaonyesha pa kuziweka kwa kidole, kama kwa wapagazi, na akamlipa baba mbele ya watu, pungufu ya walivyopatana, akimwambia hela zilizopungua ni fidia ya nyaya. Baba alizipokea zilizobaki. Hakusema asante. Neno hilo tu ndilo alilobakiza, na Injinia aliona jinsi lilivyomgharimu, maana midomo ilikuwa imekwisha kulifanyia umbo.

Walipoweka meza ya mwisho, mshonaji alikuwa anafunga daftari lake. Aliliweka kwenye mfuko, akaliangalia darasa zima likibonyeza, akatoka nyuma yao. Hakuna aliyemwita.

Mkokoteni mtupu ni mwepesi lakini unapiga kelele. Walitembea nao hadi barabarani, watatu. Kwenye kona baba alisimama, akapangusa kipini kwa kiganja.

"Wewe nyumbani utasema nini?" alimuuliza yule mwanamke.

"Nitasema hakuna kitu kule."

"Hawatakuamini."

"Najua," mshonaji alisema. "Mdogo wangu atanicheka mpaka mwaka uishe."

Baba alitikisa kichwa, akashika mkokoteni tena. Kisha akaugeuza njia ya karakana, kule iliko mashine yake ya zamani, maana kulikuwa na ubao mmoja alioubakiza kule wa kulainisha, na foleni ya jioni ilikuwa imekwisha kuanza. Mshonaji alishika njia yake, Injinia akaenda na baba. Safari hii alisimama kwenye foleni pamoja na baba yake, ubao begani mwake yeye, na mwenye karakana alipowaambia waende taratibu wasije wakaharibu, wote wawili walimtazama usoni mpaka akaondoa macho.